Ndege Iliyotanguliza Mkia

Faki alikuja kumzika Bi Raya, na mimi nilipomwona anavua viatu pembeni mwa mikeka ya wanaume nilitamani niondoke kwa njia ya uani. Miaka mingi imepita tangu tulale chumba kimoja katika nyumba ile ile, yeye kitanda cha dirishani na mimi cha mlangoni, na kwa miaka yote hiyo sikumsamehe, wala sikuona sababu ya kujifanya nimemsamehe. Watu wakanisogeza nimpishe akae karibu yangu, kwa kuwa waliokumbuka walijua sisi wawili ndio tuliokuwa wapangaji wa marehemu, wanawe wa kupanga kama alivyopenda kutuita. Tukapeana mikono. Wake ulikuwa mkavu na mgumu, mkono wa fundi. Akasema, “Pole na msiba, Hamad,” nami nikamjibu, “Msiba wetu sote,” na baada ya hapo tukakaa tukitazama mbele kama watu wawili wanaomngoja daktari. Mimi si mtu wa kuamini upesi. Mke wangu husema kwamba hata chai nikipewa huitazama kwanza. Tabia hiyo niliipata katika mwaka mmoja tu, mwaka niliokaa Chake Chake nikiwa mwalimu kijana, pamoja na ndege moja ya chelewa za mnazi na karatasi ambayo hakuna aliyeweza kujua kichwa chake kiko upande gani.

Nyumba ya Bi Raya ilikuwa juu ya soko, kwenye mteremko, hata ukifungua dirisha la chumba chetu uliona paa la jirani na chini yake bonde. Chumba kilikuwa cha mbele, chenye mlango wake wa kutokea barazani, ili sisi wanaume tusipitepite uani. Kulikuwa na vitanda viwili vya kamba, kamba nyingine ya kutundikia nguo, meza moja ambayo tuliigombania, na harufu ya karafuu isiyotoka hata msimu ukiisha, maana magunia yake aliyaweka chumba cha pili. Bi Raya alikuwa mjane asiye na mtoto aliye hai, mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha. Alitupikia muhogo wa nazi kwa papa mkavu, Ijumaa wali, na asubuhi uji wa mchele wenye pilipili manga ya kutoa machozi. Alitupakulia katika sinia moja. Sharti lake la kupangisha lilikuwa moja, na alilitaja kabla ya kutaja kodi: “Siasa zenu ziacheni njiani. Kwenye sinia langu hapana chama. Mkitaka kupigana, naweni, mle, kisha mkapigane sokoni.”

Kijana wa leo hawezi kujua sharti hilo lilikuwa zito kiasi gani. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sitini, uhuru haujafika, na vyama vilikuwa vimeugawa mji mpaka katika mambo ya kuchekesha. Kulikuwa na duka la chumvi la kwetu na duka la chumvi la kwao. Kulikuwa na gari ambayo mimi nisingeipanda hata mvua ikininyeshea. Watu waliokuwa wakisomeana hitma waliacha kuzikana, na mtu kabla ya kukuitikia salamu alikutazama usoni kwanza. Mimi nilikuwa chama kimoja na Faki chama kingine. Sivitaji kwa majina, kwa sababu bado wapo wanaofungua kitabu kutafuta jina la chama chao tu. Juu ya hayo kulikuwa na maneno ya uchawi, ambao sisi Wapemba tunasingiziwa na wageni na wenyewe tunasingiziana. Mwaka ule ule, mtaa wa chini yetu, mwanamke mmoja mtu mzima alizuiwa kisimani, kisha banda lake likapigwa mawe, kwa sababu mtoto wa jirani aliugua baada ya kula andazi lake. Akahama. Hakuna aliyemtetea, maana kila mmoja aliogopa kuulizwa anamtetea kwa nini. Bi Raya peke yake alimpelekea unga wa njiani, na watu waliliona hilo wakaliweka moyoni.

Faki alifundisha kazi za mikono, mimi hesabu. Katika kabati la skuli alikuta gazeti kuukuu la Kiingereza lenye picha ya ndege ya ajabu: bawa dogo liko mbele, kubwa liko nyuma. Wakati huo ilikuwa imeshatangazwa kwamba siku ya maonesho ya skuli atakuja mkaguzi, na atachagua mwalimu mmoja wa kupelekwa ng'ambo kusomea ufundi. Faki akaamua kwamba ndege ile, ndogo ya kurushwa kwa mkono, ndiyo itakayomvusha bahari. Nilimuuliza kwa nini asiunde ndege kama zile tulizokuwa tukiziona zikishuka kiwanjani, zenye mkia nyuma kama ndege wote wa Mwenyezi Mungu.

“Yakhe, sikiliza,” akaniambia, huku anapasua chelewa kwa ukucha. “Zile za kawaida, bawa kubwa hubeba mzigo wote, na lile dogo la mkiani hukandamiza chini ili pua isizame. Sasa ni sawa na hamali kabeba gunia, na nyuma yake mtu kaning'inia. Hii yangu bawa dogo liko mbele, nalo linanyanyua. Wanabeba wawili, hapana anayening'inia.”

“Basi mbona hawaziundi zote hivyo?”

“Kwa sababu ni kaidi.”

Ukaidi wake nilikuja kuujua vizuri, kwa kuwa hesabu zake nilizipiga mimi. Bawa hunyanyua kwa kuukabili upepo kwa mshazari, lakini ukiuzidisha mshazari upepo hulitupa, nalo huanguka. Faki alilitega la mbele kwa mshazari zaidi kidogo kuliko la nyuma, makusudi, ili siku mwendo ukipungua lichoke la mbele kwanza. Likichoka la mbele, pua huinama, ndege hupata mwendo, bawa hushika tena, na chombo hujiweka sawa chenyewe. Likichoka la nyuma kwanza, basi tena: pua hupanda, nyuma huzama, na ndege hujipindua bila kuwa na cha kuirudisha. Na ili yote hayo yatimie, uzito lazima uelemee mbele ya bawa kubwa. Kwa hiyo ndani ya pua alishindilia chubwi, lile pande la risasi la kuzamishia mshipi, aliloletewa na mvuvi wa Wambaa. Mimi nilipiga alama ya chaki mbavuni pale ambapo, ukiishika kwa vidole viwili, ilipaswa kusimama sawa bila kuinama huku wala kule. Uzito mdogo ukirudi nyuma ya alama ile ni hasara, na kadiri unavyokaa mbali ndivyo hasara inavyokua.

Ilipokamilika ilikuwa pana kama mikono ya mtu mzima aliyoinyoosha. Shingo ndefu nyembamba ilikwenda mbele na bawa lake dogo nchani, nyuma kiwiliwili kikanenepa, mabawa makubwa yakatoka ubavuni, na mwisho wake Faki aliuacha wazi, shimo la kuingia mkono. Kwa mtu asiyejua, sehemu nyembamba ndiyo mkia, na ile nene yenye shimo ndiyo kichwa kimeachama. Kila aliyeingia chumbani aliuliza swali lile lile. Askari aliyetumwa kuja kuitazama, maana maneno yalishafika kwa wakubwa, aliizunguka mara kadhaa akauliza kichwa kiko wapi. Bi Raya naye aliuliza, kasimama mlangoni na upawa mkononi, “Kichwa cha kino chombo chenu kipi?” Faki alikuwa amechoka kuulizwa. “Kichwa ndicho kichwa, Bi Raya,” akajibu bila kuinua uso, naye akaenda zake jikoni. Uwanjani tulikokuwa tukiijaribu hakufika hata siku moja, maana ingawa eda ilikwisha zamani, alikuwa mtu wa ndani.

Baraza la jirani lilikuwa ukutani kwetu, na pale palichezwa karata tangu alasiri. Nikilala kitandani niliwasikia kama wako chumbani.

“Kile kidude chao kinakwenda kinyumenyume.”

“Ndo kusudi lake. Hujui kama kinakuja au kinakwenda.”

“Ndani kina picha. Watakirusha juu ya mkutano wetu kitupige picha nani kaja.”

“Kwani cha nani?”

“Cha Faki.”

“Na Hamad?”

“Hamad kawekwa na chama chake amchunguze Faki.”

Hivyo ndivyo nilivyoijua kazi yangu. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, maana nilijiuliza ikiwa mimi nimewekwa nimchunguze, nani kawekwa anichunguze mimi. Siku chache nyuma nilisema chumbani neno kuhusu mwalimu mkuu, neno la utani, na mwalimu mkuu akaja kuniuliza kwa maneno yangu hasa. Chumba kile kilikuwa na watu wawili. Tangu hapo nilianza kumtazama Faki akitoka kwenda kuzunguka jioni, akirudi na vumbi la barabara ya kiwanja cha ndege. Alisema alikwenda kuangalia ndege zikitua. Huenda ni kweli. Yeye naye nilimwona siku moja akiipima upya alama yangu ya chaki nilipokuwa msalani, na akaifuta haraka chaki vidoleni nilipoingia. Tulikula sinia moja, vidole vyetu vikigongana kwenye papa, na kila mmoja akimuuliza mwenzake habari za kazi kwa sauti tamu kuliko kawaida. Mtu asiyewahi kula hivyo hajui njaa inavyoweza kuondoka bila kushiba.

Na bado, nasema kweli, sijapata furaha kama ile ya jioni iliporuka. Tulisimama juu ya mteremko wa skuli, bonde la mpunga chini yetu, Faki akapiga hatua na kuisukuma, nayo ikaondoka mkononi mwake kana kwamba ilikuwa ikingoja ruhusa. Katikati ya bonde upepo ukaikamata kifuani, pua ikapanda. Kisha bawa dogo likachoka kama lilivyoambiwa, pua ikainama kwa adabu, mwendo ukarudi, ikaendelea mpaka kwenye majaruba ya mbali. Tulikumbatiana. Tukaruka kama watoto, mwalimu wa chama hiki na mwalimu wa chama kile, tukatazama nyuma kama kuna aliyetuona.

Asubuhi ya maonesho tulipotoka kuoga tulikuta Bi Raya ameingia chumbani na chetezo, anaifukiza ndege ubani. Tukamtania kwamba atamfanya mkaguzi apige chafya. Hakucheka. “Wenye macho wengi mji uno,” akasema, “nanyi mmekaa tu.” Akavua khanga yake ya pili akaifunika ndege isipate vumbi. Faki alikuwa ameipima jana yake mbele yangu, ikasimama sawa juu ya vidole, kwa hiyo hakuipima tena. Yeye akachukua michoro, mimi nikaibeba ndege kwa mikono yangu miwili kupita sokoni, watu wakitupisha njia upana usio wa heshima. Uwanjani palijaa. Wanafunzi, wazazi, wale wa barazani, wakubwa wa vyama vyote viwili wamekaa mbalimbali, na mkaguzi kwenye kiti chini ya turubali. Nikavua khanga, nikampa Faki ndege. Akapiga hatua ile ile, akaisukuma kwa mkono ule ule. Pua ikapanda. Nikangoja iiname. Haikuinama. Ilipanda kama mtu anayeangalia dari, mabawa makubwa yakalegea, nyuma ikazama, ikajipindua mgongo chini na kujigonga ukingoni mwa mteremko, shingo ikakatika.

Mtu akapiga kelele nyuma ya umati: “Kimerogwa! Kimelala kwa nani kile?” Na mwingine akadakia, “Si kwa yule mjane!” Minong'ono ikaanza kutembea. Wakati huo Faki alikuwa ameshafika kwenye mabaki kabla ya mtu yeyote. Nilimwona kwa macho yangu akitia mkono ndani ya kiwiliwili, akiutoa umefumba, na kuuingiza mfukoni. Nikajiambia, ametoa kitu, na nikamngoja aseme. Akageuka, akanitazama moja kwa moja, na kwa sauti ambayo hata waliokuwa barabarani waliisikia akasema, “Hapana uchawi hapa! Uzito wake umeguswa. Hesabu anazijua Hamad, na aliyeibeba toka nyumbani ni Hamad. Muulizeni yeye.”

Nilitazama mfuko wake umevimba na nikajua, au nilidhani nimejua: ameiharibu ndege yake mwenyewe, pengine kwa amri ya wakubwa zake, ili mtu wa chama changu adhalilike mbele ya mkaguzi. Watu wakasahau nyumba ya mjane, wakaligeukia jina langu. Jioni nilikuta Faki amehamisha vitu vyake. Mkaguzi hakumchukua, alisema alete nyingine mwaka ujao, na mwaka ujao kila mtu alikuwa na mambo mengine ya kufikiria. Mimi nilihamishiwa skuli ya Wingwi, kwenye njia ya mawe na mbuzi, na jina likanitangulia hata kabla ya sanduku langu: Hamad Chubwi. Wanafunzi waliliandika ubaoni. Mzee mmoja niliyekwenda kumposa mwanawe alinitilia kahawa akaniuliza kwa upole kama ndiye mimi yule niliyemvunjia mwenzangu riziki. Nilikirudisha kikombe. Nilikuwa na hasira ya kunilaza na kuniamsha, na sioni haya kuisema. Siku niliyoondoka Chake Bi Raya alinifungia mkate wa ufuta, akanishika mkono mlangoni, akaniuliza swali ambalo nililiona la mtu aliyechanganyikiwa kwa huzuni: “Hamad, mwanangu, ilipoanguka mdomo ulikuwa wazi au umefungwa?” Nikasema sikutazama. Akatikisa kichwa, akaniachia mkono.

Sasa nirudi kwenye matanga. Baada ya hitma kusomwa tuliwekewa sinia, mimi na Faki na watu wengine wawili waliokula upesi wakaondoka. Tulibaki na wali na pande la samaki ambalo hakuna aliyetaka kuligusa kwanza. Faki alikuwa amekwenda Unguja, kisha Mombasa, akatengeneza redio maisha yake yote, na ndege hakuunda tena. Akasema akitazama sinia, “Hamad, nlikuwa nangoja afe.”

“Nani?”

“Bi Raya. Nliapa akiwa hai sisemi. Ilikuwa hirizi.”

Nikaacha kutafuna.

“Hirizi ya marehemu mumewe, ya kibati, nzito. Ameitia asubuhi ile sisi tunaoga, aifukize ndege na kuikinga. Aliitia mdomoni.”

“Mdomo upi?”

“Kule nyuma, palipo wazi. Yeye alijua ndo kichwa.”

Nililiona lote kwa mara moja, kama mtu anayewasha taa katika chumba alichokizoea gizani: uzito nyuma kabisa ya bawa kubwa, mahali pabaya kuliko pote, umewekwa na mkono uliotutakia heri kuliko mikono yote ya mji ule.

“Nlimrejeshea jioni,” akasema. “Akaniuliza, imefaa? Nkamwambia imefaa, bila yake ingevunjika vibaya zaidi.”

“Na mimi, Faki? Mimi ulinirejeshea nini?”

“Uliwasikia wale? Kimelala kwa nani, kwa yule mjane. Ulikuwapo banda la yule mwingine lilipopigwa mawe. Hirizi ile ingeonekana, wangefika kwake kabla ya adhuhuri. Ilikuwa lazima nitaje mtu. Weye ulikuwa mwalimu, kijana, una chama nyuma yako. Yeye alikuwa na nani?”

“Ungeniambia chumbani jioni ile. Ningekubali.”

“Ungenyamaza?”

“Ningenyamaza.”

Akanitazama, akalisukuma lile pande la samaki upande wangu. “Kula,” akasema. Niliona kwamba hakuniamini. Nilinawa nikaondoka bila kuaga.

Nilipofika nyumbani nikaletewa chai, nikaitazama kama kawaida yangu, na mashaka yakaanza. Hirizi? Nani aliiona? Shahidi wake tumemzika leo. Mtu aliyenitupa mbele ya umati hashindwi kutunga kisa kizuri cha kujiosha, tena kisa ambacho ndani yake yeye ni shujaa. Nilikuwa nimekwisha kukikataa chote, nimefarijika kurudi kwenye hasira yangu ninayoijua, ndipo nikausikia mkono wa Bi Raya juu ya wangu mlangoni, na harufu ya ufuta, na lile swali lake la mdomo, swali la mtu aliyetia kitu mdomoni humo. Nikaweka kikombe chini. Nililia, mtu mzima mimi, mke wangu akadhani ni Bi Raya ninayemlilia, na hakukosea sana.

Asubuhi nilimkuta Faki barazani, begi lake miguuni, anangoja gari ya Mkoani akapande meli. Sikukaa. Nikamwambia, “Bi Raya aliniuliza. Siku nilipokwenda Wingwi, aliniuliza kama mdomo ulikuwa wazi au umefungwa.”

Faki akainuka polepole, mkono kaushika ukuta.

“Alikuuliza weye? Mwaka ule ule?”

“Mwaka ule ule.”

“Na hukumwambia mtu? Wingwi kote, na jina lile wanalokuita, hukumwambia mtu?”

“Sikumwambia mtu.”

Uso wake ukavunjika. Akanishika mabega kwa mikono ile migumu, kama alivyonishika jioni ile juu ya bonde. “Basi ulijua, ukanyamaza,” akasema. “Yakhe, ulinyamaza, na mimi nkakudhania hutonyamaza.” Nikafungua mdomo nimwambie kwamba swali lile sikulielewa, na kwamba sikujua hata ninyamazie nini. Nikamtazama analia. Nikaufunga.